Ganda la Mbegu: Nani Kalishona, na Linafanya Kazi Gani

Chukua punje kumi za maharage, ziwe nambale au kanyebwa, aina zetu mbili za maharage ya rangi, uziloweke katika glasi ya maji ya baridi, kisha kaa uzitazame. Mimi hufanya hivyo mara kwa mara, glasi ikiwa dirishani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, na sijachoka bado. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Halafu, karibu na lile kovu jeupe la ubavuni, ngozi ya harage inaanza kufanya mikunjo. Mikunjo inatambaa taratibu hadi punje nzima inafanana na ncha ya kidole cha mtu aliyeshinda akifua nguo. Ukirudi jioni, mikunjo haipo. Harage limejaa, limelainika, na uzito wake umekaribia kuwa maradufu.

Kilichotokea ni hiki: ganda lilikunywa kwanza. Lilinyonya maji, likatanuka, likawa pana kuliko mwili uliomo ndani, ndiyo maana likakunjamana. Baadaye mwili nao ukanywa, ukavimba, ukalijaza. Kile tunachokisugua na kukipeperusha kwa ungo kimeamua maji yaingie wapi na kwa kasi gani. Na kimeamua hivyo kikiwa kimeshakufa, maana mbegu ikikomaa seli nyingi za ganda lake hazina uhai tena.

Tuanze na asili yake. Ndani ya ua la harage kuna vijiyai vinavyoitwa ovuli, na kila ovuli imevikwa tabaka mbili za nyama ya mmea mama. Chavua ikifika, yai lililomo ndani linarutubishwa na kiinitete, yaani mtoto wa mmea, kinaanza kukua, nusu yake ya baba na nusu ya mama. Zile tabaka mbili hazirutubishwi na chochote. Zinakua pamoja na mtoto, zinakomaa, zinakauka, zinakuwa ganda. Kwa hiyo kila punje unayoshika mkononi ina vizazi viwili: ndani yumo mtoto, na nje ni mwili wa mama yake.

Jambo hili limewachanganya wengi. Msimu uliopita mama mmoja muuza maharage sokoni alinieleza malalamiko yake. "Mwanangu, nilipanda nambale kando ya maharage meupe, nikavuna nambale tupu. Nikasema mbegu yangu ni safi. Nilipozipanda tena zilezile, ndipo mmea huu na ule ukatoa rangi nisizozijua. Sasa uchafu uliingia lini?" Nikamwambia, mama, uliingia ule msimu wa kwanza, ila haukuweza kuonekana. Nyuki alileta chavua ya maharage meupe kwenye maua machache ya nambale (harage hujichavusha lenyewe mara nyingi, lakini si mara zote), watoto wakawa machotara, na bado walikuwa wamevaa nguo ya mama, na nguo ya mama ni ya nambale. Mtoto chotara alipokua akawa mmea, naye akashona nguo zake mwenyewe, hapo ndipo rangi ngeni ikajitokeza. Akaniuliza kama kuna njia ya kupima. Ipo. Mmea mmoja hushona kitambaa cha aina moja, kwa hiyo chotara huonekana kwa mmea mzima, hajitokezi kwa punje moja ndani ya ganda refu la kijani huku jirani zake wakiwa tofauti. Ng'oa mmea wenye rangi ngeni, wote, na usiuweke kwenye mbegu.

Gregor Mendel alikutana na jambo hilohilo katika njegere zake, akachapisha matokeo mwaka 1866. Umbo la njegere na rangi yake ya ndani viliweza kuonekana kwenye mbegu za kwanza kabisa za machotara. Rangi ya ganda ilimlazimu azipande na kungoja. Mahindi nayo yanatupotosha kwa upande wa pili: ukipanda mahindi meupe karibu na ya njano, punje za njano zinatokea kwenye gunzi msimu uleule. Hiyo ni kwa sababu njano ya mahindi imo ndani, kwenye wanga uliochangiwa na baba, na ganda la juu linapitisha mwanga tu.

Kiswahili chetu kinatosheka na neno moja, ganda, kwa vitu ambavyo mmea unavitengeneza mahali tofauti. Karanga ina maganda mawili: lile gumu la nje tunalolivunja ni ukuta wa tunda, na ngozi nyekundu inayobaki viganjani ukisugua karanga zilizokaangwa ndiyo ganda la mbegu. Kokwa la embe ni ukuta wa ndani wa tunda. Lipasue kwa panga utaikuta mbegu yenyewe imelala ndani, imevaa kitu chembamba cha kahawia kama karatasi. Punje ya hindi ni tunda zima, ukuta wa tunda na ganda la mbegu vimegandamana hadi huwezi kuvitenganisha, na vyote viwili huondoka kama pumba kwenye kinu kinachotoa unga mweupe wa posho. Kaskazini, huko Otuke na Lira, mti wa yao unaotoa mafuta ya shea una tabia nyingine: lile gamba la kahawia linalong'aa, lenye doa pana lisilong'aa upande mmoja, ni ganda la mbegu kwelikweli, na doa ni kovu la kitovu.

Kahawa ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mkulima wa Masaka anayeanika kahawa ya kiboko uani anakausha tunda zima na kila kilichomo. Bugisu, kwenye miteremko ya mlima Elgon, arabika humenywa na kuoshwa, na punje inabaki ndani ya gamba la manjano mpauko ambalo wengi hudhani ndilo ganda la mbegu. Hapana, hilo nalo ni la tunda. Ganda la mbegu ni kile kiutando cha rangi ya fedha, chepesi mno, kinachojificha kwenye ufa wa katikati ya punje na kupeperuka kahawa ikikaangwa.

Ukipanga mifano hii utaona utaratibu. Mahali ambapo tunda linamlinda mtoto hadi mwisho, kama embe na kahawa, ganda la mbegu huwa jembamba, kwa sababu kazi imefanywa na mwingine. Mahali ambapo tunda hupasuka na kuzirusha mbegu peke yake juani, kama jamii ya mikunde, yaani maharage na ndugu zake, ganda la mbegu hubaki mlinzi pekee. Ndiyo maana mikunde ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Ukikata kipande chembamba cha ganda la mkunde na kukitazama kwa hadubini, juu kabisa kuna kitu kama nta. Chini yake zimesimama seli ndefu nyembamba, bega kwa bega, kama magogo ya boma la ng'ombe Karamoja. Seli hizi hubeba jina la Marcello Malpighi, Mtaliano wa karne ya 17. Chini yake tena kuna seli zilizobanwa kiuno kama ngoma, zenye nafasi za hewa katikati. Katika mikunde migumu, kama mgunga na lusina (mti wa malisho), lile boma la magogo limekandikwa vitu visivyopitisha maji hata kidogo. Mbegu inaweza kulala kwenye ndoo ya maji wiki nzima ikatoka kavu.

Penye boma pana lango. Mbegu ya mkunde ina malango matatu, yote upande mmoja: kitovu, yaani kovu la mahali mbegu ilipokuwa imeshikwa na mama, kitundu kidogo kando yake, ambako mrija wa chavua ulipitia zamani, na upande wa pili wa kitovu, kinundu kidogo ambapo magogo ni dhaifu. Mwaka 1954 mtafiti wa New Zealand aitwaye Hyde alichapisha uchunguzi wake kuhusu kitovu cha klova na lupini, mimea ya jamii hiyohiyo ya mikunde, na kwangu mimi huo ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kabisa kuhusu mbegu. Aligundua kwamba kitovu kina ufa mwembamba unaofanya kazi kama vali. Hewa ya nje ikiwa kavu, ufa hufunguka na unyevu wa ndani hutoka. Hewa ikilowa, ufa hujifunga kabla unyevu haujaingia. Hakuna mshipa wala ubongo, ni tabaka za nyuzi kavu zinazovimba na kusinyaa kwa viwango tofauti. Matokeo yake mbegu hukauka kufuata siku kavu kuliko zote ilizowahi kupitia, na haiwezi kurudi nyuma.

Lango la tatu, kile kinundu dhaifu, nililijua kwa hasara. Nilipoanza kitalu kidogo cha miche ya lusina kwa ajili ya malisho ya mbuzi, nilizisia mbegu kama zilivyo, na baada ya mwezi ziliota chache mno. Nikaambiwa nitumie maji ya moto. Nikaziweka kwenye sufuria juu ya jiko, simu ikalia, nikaongea, niliporudi maji yalikuwa yanatokota. Zilivimba vizuri sana, zote, na zote zikaoza kitaluni: nilikuwa nimepika mtoto pamoja na nguo zake. Njia iliyofaa ni kuchemsha maji peke yake, kuyaepua, kungoja kidogo yatulie, kisha kumimina mbegu humo na kuziacha zipoe usiku kucha. Joto la ghafla huinua kile kinundu dhaifu kama kizibo, maji yakapata pa kupita, na kiinitete hakiungui kwa sababu maji yanaendelea kupoa. Asubuhi mbegu zinajigawa zenyewe: zilizokunywa ni kubwa, zimefifia, ambazo hazikunywa bado ni ndogo na zinang'aa, hizo zirudie. Kama unazo chache, tumia kikata kucha, umege ganda kidogo tu upande ulio mbali na kitovu, maana mzizi mchanga umejikunja karibu na kitovu.

Kwa nini mama amfungie mwanawe hivyo? Fikiria Karamoja, ambako mvua moja ya kudanganya inaweza kufuatwa na jua la wiki tatu. Mbegu zote zikiota kwa mvua ile, zote zinakufa. Ganda gumu huzigawa: hizi mwaka huu, zile mwaka ujao, nyingine siku moto wa nyika utakapopita au mbuzi atakapozila na kuzitoa kwenye kinyesi. Mkulima hakutaka hivyo. Mkulima anataka mistari yote iote pamoja, na kwa maelfu ya miaka kila aliyepanda maharage alikuwa anachagua, bila kukusudia, yale yenye ganda jembamba na lango rahisi, kwa kuwa yaliyochelewa kuota hayakuvunwa. Harage letu la leo ni mtoto wa msituni aliyevuliwa koti.

Na koti jembamba huumia upesi. Maharage yakikauka kupita kiasi halafu yakapigwa kwa fimbo, ganda hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Ukiyapanda, maji huingia kwa fujo, tando za seli ambazo zilikuwa kavu hupasuka kabla hazijajipanga, sukari inavuja udongoni na kuita kuvu. Mkulima atasema mbegu ilikuwa mbovu. Mbegu ilikuwa nzima, nguo ndiyo iliyochanika. Maharage meupe huumia hivi zaidi kuliko ya rangi, kwa kuwa mengi hunywa haraka mno.

Hapa niingie jikoni, maana maharage yanayogoma kuiva yanakula kuni na mkaa wa nyumba nyingi. Watu husema "maharage magumu" kwa matatizo mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni la ganda: harage lililohifadhiwa pakavu mno limefunga lango lake na halinywi. La pili ni la ndani: harage lililokaa miezi mingi penye joto na unyevunyevu hunywa maji vizuri, linavimba, lakini seli zake zimegandana na kalsiamu na haziachani hata ukichemsha kutwa. Kuyatofautisha ni rahisi, loweka usiku. Punje zilizobaki ndogo asubuhi zina tatizo la ganda. Zilizovimba na bado zikagoma kwenye chungu zina tatizo la ndani, na hizo ndizo magadi huzisaidia, kwa sababu sodiamu yake inang'oa ile kalsiamu. Magadi kwa harage ambalo halijanywa ni kazi bure.

Ganda hilohilo ndilo uwanja wa vita na fukusi. Aina mbili husumbua maharage yetu. Mmoja hutawanya mayai ovyo katikati ya punje, mwingine huyagandisha juu ya ganda. Kwa vyovyote, kibuu kinachoanguliwa ni kidogo kama nukta na lazima kitoboe ganda ndipo kipate kula. Kazi hiyo humchukua muda mrefu, na yule wa mayai yaliyotawanywa, ili ashindilie meno yake, mara nyingi huegemeza mgongo kwenye punje ya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walitumia udhaifu huo: walibingirisha vyombo vya maharage mara kadhaa kwa siku, punje zikahama, vibuu vikapoteza egemeo na matundu yaliyoanzwa, na vingi mno vikafa vikiwa bado nje. Gunia lisilojaa sana linaweza kubingirishwa asubuhi, mchana na jioni na mtoto yeyote wa nyumba. Kilichokwisha kuingia hakiguswi na dawa hii. Ukitazama harage lililobunguliwa kabla mdudu hajatoka, utaona kidirisha cha mviringo kilichofifia: kibuu amekula hadi kwenye ganda akaliacha kama kifuniko, ili akishakuwa mdudu kamili alisukume tu.

Ulinzi mwingine ni wa ladha. Chini ya ukuta wa tunda la mtama wa kahawia kuna ganda la mbegu lililojaa tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukila ndizi mbichi. Kwelea hawaupendi, na Teso wakulima wanajua thamani ya mtama ambao ndege huuacha. Mtama mweupe wa kawaida hauna tabaka hilo: lilikuwepo punje ikiwa changa, likamezwa ilipokomaa. Rangi ya nje peke yake haitoshi kuamua, upo mtama mwekundu usio na tanini. Kwangua kwa wembe. Ukikuta mstari wa kahawia iliyokolea kati ya ngozi ya juu na wanga, hiyo ndiyo. Tanini hushika protini na madini tumboni kama inavyoshika mate mdomoni, na kusini magharibi, huko Kigezi, watu walipata jibu zamani: wanauchanganya mtama wa namna hiyo na majivu ya kuni yaliyolowekwa, wanauacha uchipue, wanaukausha, ndipo wanausaga kwa uji na pombe. Magadi ya majivu huidhoofisha tanini. Ninawaheshimu sana walioligundua hilo bila maabara.

Na ganda la mbegu limetuvika sisi pia. Mwaka 1903 Kenneth Borup wa Uganda Company aliingiza mbegu za pamba nchini, na kwa miongo mingi iliyofuata karo za shule Busoga, Teso na Lango zililipwa na zao hilo. Uzi wa pamba ni seli ya ganda la mbegu. Ua hufunguka asubuhi likiwa jeupe la maziwa, kesho yake limekuwa waridi, na kufikia hapo takriban robo ya seli za ngozi ya kila kijiyai zimeshaanza kurefuka kuwa nywele. Kila unywele ni seli moja peke yake, na inaweza kufikia sentimita tatu. Kisha inajaza ukuta wake kwa selulosi, inakufa, na tumba likipasuka inakauka na kujisokota kama utepe. Msokoto huo ndio unaofanya nyuzi zishikane zikisokotwa. Mashine ya kuchambua pamba inanyoa ganda la mbegu, hakuna kingine.

Limebaki swali ambalo vijana wa kitaluni huniuliza kila msimu, la miche ya maboga inayotoka imevaa kofia. Mche wa boga una kisigino kidogo kwenye shingo ya mzizi. Mbegu inapoota, kisigino hukanyaga nusu moja ya ganda na kuibana udongoni huku majani mawili ya kwanza yakijivuta nje, kama mtu anayevua buti kwa kukanyaga kisigino chake. Mbegu ikipandwa juu juu, au udongo ukikauka, kisigino hakipati pa kubana na ganda linapanda juu na majani, limeyabana. Usilivute kwa vidole, majani hukatika. Dondosha tone la maji kwenye ganda asubuhi na jingine mchana. Likishalowa linalegea kwenye mshono, na mara nyingi kufikia jioni majani yamelisukuma, limeanguka chini kando ya mche.